Injini Iliyoimbiwa Wimbo wa Maziko

Rozalia wa Bangwe alikuwa na sauti ambayo watu waliipenda na kuiogopa kwa pamoja. Yeye ndiye aliyeimbisha maziko kigangoni kwao. Jeneza likifika kwenye mdomo wa kaburi na wanaume wakishika kamba, alianzisha, "Taratibu, wana wa mama," nao wakaitikia, "Udongo hauna haraka," huku kamba ikipita mkono kwa mkono bila kushtuka. Wimbo huo haukuimbwa mahali pengine popote. Mtoto aliyethubutu kuuimba jikoni alipata kofi, maana nani anaita msiba kwake?

Mumewe Pastory alikuwa fundi wa magari, na mdomo wake haukujua kufungwa. Angeweza kufanyia utani hata homa yake mwenyewe. Basi mwaka ule wa sabini na tano, pikapu ya kijiji cha ujamaa cha wavuvi, Pijo iliyopeleka dagaa sokoni Mwandiga, ilifuka moshi kwa wiki nzima kisha ikagoma kabisa. Pistoni mpya zikaja kwa treni. Gereji ya kijiji haikuwepo, winchi haikuwepo.

"Ileteni kwangu," alisema Pastory. "Michikichi yangu miwili ni gereji tosha."

Walifunga boriti kati ya ile michikichi, wakatundika kapi la mashua, wakapitisha kamba ya kuvutia mitumbwi. Gari likainuliwa juu ya magogo ili fundi apate kuingia chini. Wavuvi wakaja na nahodha wao Ismaili, ambaye ndiye aliyewaimbisha mitumbwi ikipandishwa ufukweni. Bangwe nzima ikafuata, kwa sababu Bangwe haijawahi kuacha kitu kipite bila kukitazama.

Rozalia alikuwa amepanda gari lile mara nyingi, lakini boneti ilipong'olewa alishika mdomo. Chuma kile kimelala kimya mle ndani, na mirija yake na weusi wake, ndicho kilichokuwa kikiwapandisha vilima vyote wao na magunia yao! Aliona haya kidogo, kama aliyemkuta mkwe hajavaa vizuri.

"Imana we," alinong'ona, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Na hiki nacho kinatoka?"

"Kitatoka, Mama Agnesi," Pastory alimjibu mkewe. "Kilichoingia hutoka."

Alipofungua bolti za juu, wavuvi wakaanza kuvuta, na pua ya injini ikainuka. Nyuma ikakwama. Pastory akajilaza chali, akajisogeza chini ya gari kutafuta bolti aliyoisahau. Akaifungua, akapiga kelele, "Tayari! Vuteni kidogo!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ismaili alianzisha wimbo anaoujua, "Ziwa lina wenyewe!" na wenzake wakaitikia, "Hoya!" Sasa wimbo wa mtumbwi una tabia yake: kwenye "hoya" wote hushtua kamba kwa mara moja, maana mtumbwi uliokaa mchangani haubembelezwi. Injini ikaruka, ikayumba, ikalipiga gari ubavuni. Gogo moja likateleza, gari likainama upande, na juu boriti ikalia kwa mpasuko.

Pastory alikuwa amebanwa chini, hana nafasi ya kutoka. Injini ilining'inia juu ya gari hilo lililoinama. Ikidondoka, gari lote lingemlalia. Ilibidi irudishwe mahali pake polepole, kabla boriti haijakatika, lakini wavuvi hawakuwa tena na mwendo mmoja, huyu akilegeza, yule akikaza. Ismaili alifungua kinywa akakifunga. Nyimbo zake zote zilikuwa na "hoya."

Rozalia aliwatazama wale wanaume, kisha akaitazama miguu ya mumewe iliyochomoza. Moyo ulimwambia usithubutu. Akathubutu.

"Taratibu, wana wa mama..."

Wanawake walishtuka, mmoja akajifunika uso kwa kanga. Lakini mikono ya wavuvi iliusikia wimbo kabla ya vichwa vyao. Hakuna aliyekuwa hajazika mtu; hata Ismaili, Mwislamu, alikuwa ameshika kamba kwenye makaburi ya majirani. "Udongo hauna haraka," wakaitikia, na kamba ikaanza kupita mkono kwa mkono. Chuma kile kizito kikashuka kwa heshima, kimya, kikinyooka chenyewe hewani, na wazee wakajikuta wamevua kofia. Rozalia aliiona sauti yake imebeba uzito ule mbele ya macho yake, akaogopa kuvuta pumzi.

Alipofika mwisho wa ubeti wa pili, sauti ikatoka chini ya gari.

"Mama Agnesi! Unanizika ningali hai?"

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka injini ilipokaa kwenye viti vyake. Ndipo Ismaili akapata kazi yake: wanaume wakashika ubavu wa gari, "Hoya!" moja, likainuka, na Pastory akavutwa nje kwa miguu, mweusi kwa oili, mzima. Rozalia alimpiga ngumi ya bega kwanza, akalia baadaye.

Jioni walifunga boriti nyingine, na injini ikatoka kwa wimbo uleule, safari hii ikipanda. Pistoni zikabadilishwa, dagaa wakaenda Mwandiga. Na kwa miaka minane Pastory hakuchoka kuwaambia wageni kwamba yeye ameshazikwa na mkewe mwenyewe, na kwamba ilikuwa kazi safi.

Kisha homa ikamchukua kwa siku chache, safari hii bila utani. Makaburini wanaume walishika kamba, Ismaili akiwa mbele, wakamgeukia Rozalia. Watu walikuwa wamemwambia mwingine ataimbisha. Alikataa. Akaimba ubeti wa kwanza, sauti imenyooka, na jeneza likaanza kushuka. Akaimba wa pili.

Mwisho wa ubeti wa pili alinyamaza, na wanaume wote wakasimamisha kamba pamoja naye, bila kuambiwa, wakamwachia Pastory nafasi ya kujibu.