Mizinga Mipya na Jedwali la Tatu

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kaliua, nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kichwa kimejaa ndoto. Nilishajiona meneja wa asali, nimekalia kiti kinachozunguka. Kwa hiyo karani wa wilaya alipokuja na lori la mizinga mipya, akasimamisha ubao na kuomba kijana mwenye mwandiko mzuri, nilifika ubaoni kabla hajamaliza kusema.

Mizinga ile ilikuwa ya nyumba zisizo na mzinga hata mmoja. Jirani yetu, bibi mjane, yake yote iliteketea kwa moto wa pori, na tangu hapo alikuwa anakunywa uji mtupu. Asubuhi nilipomwamkia alinijibu, "Marahaba, mume wangu. Leo usiponiletea mzinga, nataka talaka."

Kwetu kila nyumba ina alama yake, na alama hiyo huchongwa kwenye mizinga yake. Karani akachora majedwali mawili: kushoto nyumba na alama zake, kulia mizinga iliyoko porini na alama zake.

"Linganisha alama," akaniambia. "Zikikutana, andika nyumba na mzinga wake kwenye jedwali la tatu. Zisipokutana, ruka."

Nikaandika kwa raha zangu. Karani akalipitia jedwali la tatu kwa kidole, kisha akawageukia watu.

"Hongereni, ndugu. Hakuna nyumba isiyo na mzinga. Dereva, washa, tunarudi nayo!"

Nikasoma tena juu hadi chini. Kila mstari ulikuwa kweli tupu, na bibi hayumo! Lori likanguruma.

"We karani," bibi akaita, "mimi mzimu? Si jana tu umekunywa maji kwangu?"

Watu wakaangua kicheko. Karani hakucheka. Alitazama jedwali la tatu, akatazama la kushoto, mikono ikaenda kichwani.

"Mungu wangu! Nimewatafuta wasio na mizinga miongoni mwa walio nayo."

Akamkimbilia dereva, kofia ikabaki mavumbini.

Tulifuta, tukaanzia kwenye nyumba. Kila nyumba iliandikwa, yenye mzinga na isiyo nao, na isiyo nao tukaiachia nafasi wazi mbele yake. Nafasi zikatokea moja baada ya nyingine, nami kila ikitokea moyo unaruka: wote hawa tulikuwa tumewaruka!

"Na mizinga ya porini ambayo alama yake haina nyumba hapa?" nikauliza.

"Siku tukiwatafuta wenye mizinga hiyo, tutaanzia upande wa mizinga. Leo tunatafuta nyumba."

Bibi hakujua kusoma, lakini alama ya marehemu mumewe aliijua. Nikamwonyesha nafasi iliyo wazi mbele ya alama hiyo. Akapapasa alama na nafasi yake, chaki ikamganda kidoleni.

"Kumbe nilikuwa hapa," akasema. Kisha akanigeukia. "Haya, mume wangu, beba."

Nikajitwika mzinga hadi kwake.