Jumatatu za Roswitha

Mume wa Roswitha Seyfarth alikuwa seremala, na kama maseremala wengi niliowajua, aliamini kwamba kitu kisipokaa sawa kosa ni la mbao au la mtu mwingine. Nasema hivi bila chuki. Nimeishi ukuta mmoja nao tangu nilipoolewa hapa Wölfershain, nimekula keki zao, nimeimba alto katika kwaya aliyoiongoza yeye Leberecht, na mashine yake ya kupigia randa ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiburi cha mtu anayefanya kazi nzuri, basi.

Roswitha alikuwa mdogo wa umbo, miguu yake ilifika kwa shida kwenye vikanyagio vya kinanda cha mabomba cha kanisa. Siku za kazi alishona katika kiwanda cha soksi kule bondeni, na Jumapili alipanda ghorofani kanisani akacheza nyimbo za ibada, kazi aliyoianza akiwa msichana. Alikuwa na viatu vyake maalumu vya kuchezea, vyembamba, alivyovibeba kwenye mfuko wa mkate. Tukimwona anapita na mfuko ule tulijua haendi dukani.

Siku moja Leberecht alikuwa anabadilisha mbao za sakafu nyuma ya kinanda, akakuta sanduku limefunikwa na kinyesi cha njiwa. Ndani mlikuwa na nyimbo zilizoandikwa kwa mkono na mwalimu wa shule wa kijiji hiki hiki, Nikol Wetzing, aliyekufa zamani sana, karne ya kumi na nane. Enzi hizo mwalimu ndiye aliyekuwa pia mtu wa muziki. Alitunga, na wakulima na wasaga nafaka wa hapa wakaimba na kupiga fidla, wakalipwa bia. Hakuna aliyepata kuzichapa nyimbo zile. Jina la Wetzing hatukulijua hata sisi tunaozikwa palepale alipozikwa yeye.

Leberecht alirukwa na akili kwa furaha. Alichagua wimbo mrefu wa kumshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba yake, uliotungwa kwa sikukuu ya kanisa letu, akasema utaimbwa sikukuu hiyo vuli ile ile. Kila sauti ilikuwa na karatasi yake peke yake. Karatasi moja yenye sauti zote pamoja haikuwapo. Zetu alizinakili kwa mkono jioni baada ya kazi. Ya kinanda ilikuwa bado safi, akampa Roswitha ile ile ya mwalimu.

Tulifanya mazoezi karakanani kwake, tumekaa juu ya mbao, maranda yakituingia viatuni. Kanisani hakutaka, kwa sababu kanisani kungesikika barabara nzima na yeye alitaka kuwashtua watu. Roswitha alikuwa jikoni, ng'ambo ya ukuta, akitusikia kila jioni. Nakumbuka alikuja na kahawa, akasimama mlangoni.

"Leberecht, tujaribu na kinanda hata mara moja tu kabla ya siku yenyewe."

"Ya nini? Wewe noti unasoma au husomi?"

"Nasoma."

"Basi soma hizo ulizopewa. Mwalimu Wetzing keshamaliza kazi, sisi tunafuata tu."

Roswitha aliiweka kahawa juu ya meza ya kazi akarudi jikoni.

Sikukuu ikafika. Kanisa lilijaa, hata wale wasioingia kanisani walikuja, maana siri ya Leberecht ilikuwa imevuja na watu walitaka kuona. Tulianza sisi na fidla mbili tu, na naapa nilisisimka mwili mzima. Ulikuwa wimbo mtamu, wa watu wanaojua shamba na wanaojua kuomba. Kisha kinanda kikaingia.

Sijui niseme nini. Sisi tulikuwa hapa na kinanda kiko kwingine, karibu kabisa lakini kwingine, kama mtu anayekukanyaga kisigino kila hatua. Tukasimama. Leberecht aligeuka akatazama juu ghorofani.

"Roswitha, cheza kilichoandikwa."

"Nacheza kilichoandikwa," sauti ikajibu kutoka juu.

Tukaanza tena. Mambo yakawa yale yale. Bräutigam mchinjaji, aliyekaa benchi la mbele, alisema kwa sauti ya kusikika, "Ng'ombe wangu hulia kwa mpangilio kuliko hivi," na kanisa zima likaangua kicheko. Leberecht akawa mwekundu mpaka masikioni. Akawageukia watu, akasema, "Mtusamehe. Mke wangu hakujiandaa."

Kicheko kilizidi. Mimi nilikuwa natazama juu, nikamwona Roswitha anavua viatu vyake polepole na kuvitia kwenye mfuko wa mkate. Alasiri ile aliwakatia wageni keki ya plamu, akawamiminia kahawa, akajibu kila aliyemsemesha. Leberecht aliziweka karatasi zote sandukuni, akalipigilia misumari, akalirudisha kule kule kwa njiwa. Kwa kijiji, mke wa seremala alikuwa ameharibu wimbo, na wimbo wenyewe labda haukuwa na maana tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo kwaya yetu iliimba bila kinanda. Roswitha alicheza nyimbo za ibada kama kawaida, lakini tukisimama sisi kuimba, alishuka akakaa kwenye ngazi mpaka tumalize. Nyumbani waliongea: chumvi, mkaa, mbwa wa nani kaingia bustanini. Watoto hawakupata. Mtu wa nje angesema ni watu wanaoelewana sana.

Mara moja tu Roswitha aliniambia yaliyo moyoni. Tulikuwa tunamenya viazi vya kufinyanga madonge ya chakula cha Jumapili, nikamuuliza kama bado ana kinyongo.

"Sina kinyongo, Almut," alisema. "Nataka ayafute maneno yale. Na ayafute palepale alipoyasemea, mbele ya watu. Nyumbani asinisumbue."

"Umemwambia?"

"Kwani yeye hajui aliposemea?"

Miaka ikaenda. Kiwanda cha soksi kilifungwa, Bräutigam akafa, vijana wakahamia mjini, kwaya ikabaki ya wazee. Jumatatu alasiri, mashine ya Leberecht ikinguruma, Roswitha alibeba mfuko wake wa mkate akaenda kanisani kufanya mazoezi. Tulisikia kinanda kwa mbali kupitia madirisha yaliyofungwa, tukasema anajiandalia Jumapili. Watu wengine walitania kwamba siku hizi anajiandaa kupita kiasi.

Kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Akawa hawezi ngazi za kanisa, halafu hawezi ngazi za nyumbani, na Leberecht akamshushia kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Mwaka huo huo michango ya kukarabati kinanda ikatimia. Akaja fundi wa vinanda kutoka kaskazini, Wiebke Harms, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache, akakifungua chote. Mabomba yakalazwa juu ya mabenchi, marefu kwa mafupi, na ibada tukahamishia ukumbi wa parokia.

Leberecht, mzee sasa, alikwenda kumsaidia kazi za mbao. Mimi nilikuwa napeleka chai, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Hiki kinanda kilishushwa sauti," Wiebke alisema, akimwonyesha jinsi mabomba yalivyosogezwa nafasi mbili mbili na makubwa mapya kuongezwa mwishoni. "Hapo mwanzo kililia juu zaidi, sauti moja nzima. Kama do na re. Labda babu zako ndio walioona kinawapasua masikio."

"Kililia juu," Leberecht alirudia.

"Vya zamani vyote vya hapa kwenu vilikuwa hivyo. Ndiyo maana karatasi ya mcheza kinanda iliandikwa chini kwa sauti moja, ili akutane na waimbaji. Ukichukua karatasi ya siku zile ukaicheza kwenye kinanda kilichoshushwa, mtagongana tu."

Leberecht alikuwa ameshika bomba. Aliliweka chini taratibu sana, akakaa benchini katikati ya yale mengine. Nilimsikia akisema, si kwangu wala si kwa Wiebke, "Alicheza kilichoandikwa."

Alikwenda nyumbani vile vile, na vumbi la mbao kichwani. Nilimfuata, maana zamu ya kumlisha Roswitha supu ilikuwa yangu. Alisimama miguuni pa kitanda kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Rosi. Siku ile ya sikukuu. Ulicheza sawa."

"Najua," Roswitha alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu yake. Nilikwenda peke yangu, nikaicheza ile karatasi kwa kichwa, sauti moja juu, ikakaa. Sehemu zenu pia nilikuwa nazo kichwani, si nilizisikia ukutani."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akicheza Jumatatu zote zile. Nilitaka kutoka nje na bakuli langu, badala yake nikaendelea kuikoroga supu.

"Mbona hukuniambia?" Leberecht aliuliza.

"Ulishaliambia kanisa zima kwamba sikujiandaa. Ningekwambia nini? Nilingoja uniulize." Alipumzika kidogo, pumzi zilikuwa fupi. "Wimbo ni mzuri, Leberecht. Kinanda kikiingia pale, ni mzuri sana. Hukukosea kuuchagua."

Leberecht alilia. Sikuwa nimewahi kumwona analia, hata alipomzika mama yake. Alimshika mkono akamwahidi kwamba kinanda kikirudi, kwenye sikukuu ya kanisa, atalifungua sanduku, kwaya itaimba na kinanda kitacheza sawasawa, na yeye atasimama mbele ya watu wote aseme ukweli. Roswitha alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilihesabu moyoni pumzi zake na nikaona haziwezi kufika vuli.

Kesho yake nilimkamata Leberecht uani.

"Sema Jumapili hii. Pale ukumbini."

"Pale kwenye viti vya plastiki? Na bila kinanda? Almut, hayo yatakuwa maneno matupu."

"Yale ya kwanza yalikuwa nini, jirani? Si maneno matupu vilevile?"

"Nataka wasikie," alisema. "Wakisikia wimbo ndipo wataelewa nilichomfanyia."

Yale yale. Alitaka tena sikukuu, alitaka tena kanisa lijae, na mwanamke wake alikuwa anapungua sebuleni. Nilimkasirikia hata nikashindwa kula. Lakini ndivyo alivyoumbwa, hawezi kutoa kitu karakanani kabla hajakipaka mng'aro.

Jioni alikaa kando ya kitanda na karatasi za sanduku, alilokwisha kulifungua kabla ya wakati, akaimba besi kwa sauti ya chini, na Roswitha akacheza sehemu yake kwa vidole juu ya blanketi. Nilisikia upande mmoja tu, ng'ambo ya ukuta. Mara nyingine besi ilinyamaza katikati, nikajua anamngoja apumue.

Roswitha alikufa asubuhi moja ya majira ya kuchipua, mashamba ya haradali yakiwa yamechanua. Kinanda kilikuwa bado mabomba juu ya mabenchi.

Mchungaji alitaka ibada ya maziko ifanyike ukumbini. Leberecht alikataa. Tukayahamisha mabomba, tukayaegemeza ukutani, jeneza alilolitengeneza mwenyewe likawekwa mbele, na sisi wazee wa kwaya tukasimama na karatasi zile alizotunakilia zamani, zenye madoa ya kahawa. Fidla zilishakufa pamoja na wapigaji wake. Tuliimba bila chochote.

Tulipofika pale kinanda kinapoingia, Leberecht aliinua mkono tukanyamaza. Akageuka, akatazama juu ghorofani kama siku ile. Palikuwa na uwazi tu na kamba za Wiebke. Akangoja sehemu nzima ya kinanda ipite, akiipigia kipimo kwa mkono, na sisi tukisikia alivyokuwa akipumua.

Kisha akawageukia watu. "Mke wangu alicheza sawasawa," alisema. "Mimi ndiye sikujiandaa."

Waliocheka siku ile karibu wote walikuwa wamelala nje makaburini, kando ya Bräutigam. Waliokaa mabenchini walikuwa watoto wao, na wageni walionunua nyumba zao. Walitazamana. Hawakujua mzee anazungumzia nini.