Asiyelijua Tope

Topista wa Busiu, kijiji cha Bugisu, hakuwa mtu wa kusahau. Hata kuku akimparulia mboga zake, angemkumbuka siku ya kumchinja. Sasa fikiria Gidudu! Alizaliwa hapohapo, akapelekwa mjini Jinja angali mchanga, akarudi mtu mzima na lori kuchimba mchanga mtoni bila kibali. Chifu akapiga marufuku, yeye akachimba tu. Ukingo ukamong'onyoka. Mto ukala migomba ya Topista, kisha mvua za masika zikabomoa kaburi la mumewe, Erisa. Mifupa ya mtu, jamani! Topista aliiokota matopeni kwa mikono yake, akaifunga kwenye shuka.

"Pole, mama," Gidudu alimwambia, mguu mmoja tayari ndani ya lori. "Jinja inajengwa."

Utanitambua, Topista aliapa moyoni.

Mchanga ulipokwisha, Gidudu akahamia kinamasi cha chini ya kilima, akakanyagakanyaga kwa buti zake.

"Udongo mzuri wa matofali huu! Kwani hapa mnapafanyia nini?"

Jembe lilimponyoka Topista. Panafanyiwa nini? Kila mwanamume wa ukoo wa Gidudu hupakwa tope la hapo siku ya kutahiriwa, na halisahau mpaka anaingia kaburini. Kumbe! Bwana mkubwa huyu alikikwepa kisu! Topista alicheka peke yake mpaka akatoa machozi.

Ulikuwa mwaka wa 1956, mwaka wa jando, ngoma zikirindima Mbale nzima. Topista alifunga tope katika jani la mgomba, akapanda basi hadi Jinja, kwenye uwanja ambapo vibarua wa Kigisu walicheza ngoma Jumapili. Gidudu alikuwepo, ndani ya suti, akiwapigia makofi. Topista akamwendea, akampaka lile tope shavuni.

"Mwulizeni hili ni tope la wapi, na yeye alipakwa mwaka gani!"

Gidudu alijipangusa, akaangalia vidole vyake. "Si tope tu?" Ngoma zikanyamaza, kisha zikaanza upya kwa mdundo wa jando, na wanaume wakamzunguka. Mmoja akatumwa mbio kumwita ngariba.

"Mama, nihurumie! Sichimbi tena!"

"Pole, baba," alisema Topista. "Bugisu nayo inajenga wanaume."

Migomba yake haikurudi, wala kaburi la Erisa. Lakini lile lori halikuonekana tena Busiu, na Topista hakuwahi kumwonea Gidudu huruma, hata chembe.