Shati Lililoshika Kifua

Siku kaka yangu alipomleta mchumba nyumbani, Mama alimuuliza swali moja tu: kwao ni wapi. Akajibu, "Sina mtu." Alilisema upesi upesi, kama anayefunga mlango vumbi lisiingie. Mama akamwonea huruma. Mimi sikumwonea, maana mimi ni wifi mtu na kazi ya wifi ni kuchunguza. Hakuna binadamu aliyedondoka kutoka mawinguni. Nikajiambia, huyu ana lake jambo.

Baada ya harusi akapata kazi hapohapo ninapofanya mimi, kwenye duka la dobi. Mimi nakaa kaunta, napokea nguo na matusi ya wenye nguo. Yeye nyuma ya pazia, yeye na pasi. Nakiri kwa shingo upande kwamba alikuwa fundi. Ila mashati aliyakunja kwa mtindo wake mwenyewe. Madobi wengine huipeleka mikono ya shati mgongoni, ikajificha huko. Yeye aliuleta mkono wa kulia mbele, akaulaza kifuani, akapitisha kifungo cha tatu kwenye tundu la kifungo la ncha ya mkono ule usichomoke. Yakipangwa rafuni, ungedhani watu wazima wanakula kiapo. Tajiri wetu alimkataza mara chungu nzima. Aliitikia, "Ndiyo, mzee," kisha akaendelea vilevile. Mimi nikaona ni kiburi tu.

Mchana mmoja akaingia mwanamume mrefu, mgeni mtaani, shati lake lina doa la chai. Alikuwa bado anaongea alipotupa jicho rafuni, akalisahau doa.

"Dada, nani kayakunja haya?"

"Mashine," nikasema. Sikuyapenda macho yake.

"Mashine haikunji hivi." Alicheka kwa mdomo tu. "Aliyekunja yupo?"

Nyuma ya pazia pasi ilikuwa imetulia, na nikaanza kusikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Wifi yangu hajawahi kuunguza hata leso.

"Hayupo," nikasema.

"Basi nitapita kesho."

Nilipofungua pazia nilimkuta amejikunyata sakafuni katikati ya vikapu. Blauzi ya mteja ilikuwa na alama ya pasi katikati ya mgongo.

"Ameondoka?" akauliza. "Chungulia tena, wifi. Chungulia vizuri."

Hapo ndipo nilipopata kile nilichokuwa nakichimba siku zote, na sikukifurahia. Baba aliyemlea alikuwa dobi, na mkunjo ule aliwafundisha watoto wake tu. Siku alipozikwa, kaka mtu akasimama mbele ya waombolezaji akamwambia dada yake, "Wewe kakae na majirani. Uliokotwa, wewe si wetu." Hakuwa amewahi kuambiwa. Mama yao alikuwa amezimia chumba cha ndani, wanawake wakimpepea. Msichana akatoka na nguo alizovaa, hakurudi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Sasa amefuata nini?"

"Kunikana tena. Safari hii mbele ya mume wangu na mbele ya mama mkwe. Wifi, mkisikia sina asili, mtaniweka wapi?"

Niliona aibu, maana swali lile nilikuwa nimeliuliza mwenyewe moyoni tangu siku ya kwanza.

Nyumbani jua lilikuwa bado linawaka wifi yangu alipopiga komeo mlango wa mbele. Mfuniko wa sufuria ukaanguka jikoni, akakimbilia chumbani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini huyu alishtuka hadi kwa kikohozi cha mumewe. Mama akaniuliza kulikoni, nikasema ni tumbo. Woga unaambukiza: nami nikaanza kusikiliza hatua za watu nje. Niliogopa tutaamka tukute ametoka kama alivyotoka kule, na nguo alizovaa tu, na kaka yangu ananiuliza mimi mkewe yuko wapi.

Kesho yake mwanamume akaja. Mimi hakunisalimu. Aliweka mikono kaunta, ina makovu ya pasi kama ya wifi yangu, akasema na pazia.

"Ni wewe?"

Pazia likatikisika. Sauti iliyotoka sikuitambua.

"Sikujui. Mimi sina kaka. Sina mtu."

Akaiondoa mikono yake kaunta.

"Samahani, mama," akaliambia pazia. "Nilikuwa namtafuta dada yangu."

Akatoka. Wifi yangu akatokeza uso, umelowa jasho.

"Amesema anamtafuta nani?"

"Dada yake."

"Hebu rudia."

"Dada yake, jamani! Masikio hayo umebebea hereni tu?"

Akanipita mbio, peku, nami nikaacha kaunta wazi nikamfuata. Barabarani akapiga kelele, "Kaka!" Nusu ya wanaume wa mtaa wakageuka, isipokuwa yule. Akaita tena, jina la utani la utotoni: "Domo! We Domo!"

Mwanamume akasimama. Mgongo wake ulibaki kwetu, na wifi yangu alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Nilijua anachoogopa: uso utakaogeuka.

"Umenikana," akasema bila kugeuka.

"Ulianza wewe."

"Nilianza mimi." Ndipo akageuka, machozi hadi kidevuni. "Tangu siku ile Mama ananiamkia kama mpangaji wake. Shati langu halikunji tena. Amesema mlango wake nisiuguse bila wewe."

Akanitazama mimi, niliyekuwa nimemshikilia wifi yangu kama anayeogopa kunyang'anywa.

"Wewe, naona, una watu," akamwambia dada yake. "Mimi ndiye sina mtu."