Marahaba ya Mfungwa

Nikiwa mtoto wa darasa la tatu kule milimani Lushoto, nilifundishwa kumwamkia kila mtu mzima niliyekutana naye njiani, isipokuwa wafungwa. Gereza la wanaume lilikuwa ng'ambo ya bonde letu, na mashamba yake ya kabichi yalifika hadi kwenye mpaka wa shamba la bibi yangu, mama yake mama. Bibi alisema lilijengwa enzi za Mjerumani, na waliobeba mawe ya ukuta wake wengi hawakurudi kwao. Tangu hapo minyororo yao inatafuta shingo.

"Mfungwa akikuitikia marahaba, amekukabidhi mnyororo wake," alinionya. "Utauleta humu ndani."

Siku moja natoka shule, nikakuta wafungwa wanazibua mtaro. Mzee mmoja mwenye mvi alisimama na jembe lake katikati ya njia. Mdomo ukaitangulia akili.

"Shikamoo, babu."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo halijatajwa siku nyingi. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema polepole. "Marahaba sana."

Nilikimbia mpaka nyumbani, na sikumwambia mtu.

Wiki haikuisha. Mjomba Zakaria, kitinda mimba wa bibi, alikamatwa na mbao za wizi kutoka msitu wa Shume, akafungwa. Bibi akatuuliza mmoja mmoja nani aliyewaamkia wafungwa. Ilipofika zamu yangu nikaanza kulia.

Hakunipiga, afadhali angenipiga. Alianza kunitazama kwa jicho la pembeni. Majirani wakasikia, na wenzangu wakawa wanapita njia nyingine kwenda shule.

Baada ya miezi kadhaa tulikwenda kumwona mjomba. Alikuwa amenyolewa, sare ya rangi ya chungwa inampwaya. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Rehema, hata shikamoo hunipi?"

Bibi alinibana mkono. Nikatazama chini. Mjomba alicheka kidogo huku askari akimwangalia, kisha akainuka.

Alipotoka gerezani hakurudi kwetu. Alihamia Soni, akaoa huko.

Bibi alikuwa ameshafariki mama aliponiambia kwamba zile mbao zilikaa chini ya kitanda cha bibi muda mrefu, tangu kabla sijamwamkia yule mzee. "Alijua," mama alisema. "Tena zilimkosesha usingizi."

Sijui kama bibi aliyaamini maneno yake, au alishindwa tu kutamka kwamba mwanawe ni mwizi. Bibi nimemsamehe. Kinachonisumbua ni siku ile gerezani. Sauti ya yule mzee ilikuwa ya upole, na kwa miezi yote ile nilikuwa nimeanza kutilia shaka kwamba inaweza kubeba ubaya wowote. Shaka hiyo nilikuwa nayo moyoni mjomba alipoinama mbele yangu, na bado nilinyamaza.