Mama Sare na Mafundi Waliopatana

Kilichomkosesha Mama Sare usingizi hakikuwa ugomvi, kilikuwa amani. Mwaka mzima karakana yake ya kushona sare za shule ilikuwa na mafundi wakuu wawili wasiopikika chungu kimoja: mkataji vitambaa, aliyeitwa Mkasi, na mshonaji, aliyeitwa Bi Vifungo. Kola ikikaa upande, huyu anasema imekatwa ovyo, yule anasema imeshonwa ovyo. Halafu Jumatatu anaingia, anawakuta wameinamia meza ya kukatia, wanacheka. Walipomwona wakanyamaza, kila mtu akashika kazi yake.

Machale yakamcheza. Jumanne wakanywa chai kwenye benchi moja. Jumatano Mkasi akatia mafuta cherehani cha Bi Vifungo bila kuombwa. Na kola zote za siku hizo zilikaa sawasawa, jambo lililomtia shaka kuliko yote.

"Si ulikuwa unalalamika hawapatani?" mumewe akamuuliza nyumbani.

"Wewe watu huwajui. Hawa wanataka kufungua karakana yao."

Usimcheke sana, alikuwa na donda lake. Alipoanza, na vyerehani viwili sebuleni, mshirika wake alikuwa dada yake wa tumbo moja. Asubuhi moja dada akahama kimyakimya, na wateja nusu wakamfuata. Tangu hapo Mama Sare akajiwekea utaratibu: kila fundi anaitwa peke yake stoo, anapewa neno la mwenzake, kisha anaombwa asimtaje aliyemwambia. Neno lenyewe likikosekana, anatunga. Yeye aliita huo uongozi. Watu wanaochunguzana, alijiambia, hawawezi kuondoka pamoja.

Sasa shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Wawili hawa wakiondoka angebaki na wapiga pindo tu, na shule zilizoagiza sare zingetafuta pengine. Kwa hiyo Ijumaa akamwita Mkasi stoo, akarudisha mlango.

"Mwanangu, usinitaje. Mwenzako anasema siku hizi macho yako hayaoni mstari wa chaki."

Mkasi hakukasirika, na hilo nalo likamtisha. "Amesema lini, mama?"

"Jana. Kwa kinywa chake."

Mkasi akafungua mlango. "Dada, hebu njoo kidogo."

Bi Vifungo akaja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Eti jana ulimwambia mama kwamba sioni mstari?"

"Jana sikuja kazini. Nilimpeleka mkwe wangu hospitali." Akamgeukia Mama Sare taratibu. "Ruhusa si ulinipa mwenyewe?"

Mama Sare akashika robota la kitambaa lililokuwa karibu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Wiki iliyopita mvua ilitufungia humu sisi wawili," Mkasi akasema. "Tukachoka kununiana, tukaulizana. Mwaka mzima, mama, kila nililoambiwa amelisema, hakulisema. Na yeye vivyo hivyo."

"Kwa hiyo mnaondoka," Mama Sare akasema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Nani kasema tunaondoka?" Bi Vifungo akavuta robota, akakaa. "Kazi tunaipenda. Ila kuanzia leo, ukiwa na neno juu ya mmoja wetu, liseme tukiwepo wote wawili. Ukituita tena mmoja mmoja, hapo ndipo tutaondoka, na tutaondoka pamoja."

Mkasi naye akakaa. "Anza sasa hivi, mama. Kama una lolote, tunasikiliza."

Mama Sare akafungua kinywa. Yalikuwepo mengi, ya mwaka mzima, lakini kila aliloligusa lilihitaji mmoja wao atoke nje kwanza. Upande wa pili wa ukuta vyerehani vilikuwa vinakimbia.

"Kola za wiki hii," akasema mwishowe, "zimekaa vizuri."

Wakamsubiri aendelee. Hakuwa na lingine.