Raba Moja Juu, Moja Chini

Kabla sijaanza, chekeni kwanza mmalize. Hii hadithi yangu iko na mahali mingi ya mimi kuonekana fala, na sitaki mtu aanze kucheka nikifika kwa maumivu. Mmemaliza? Wewe wa kofia ya bluu, malizia tu, nakungoja.

Kwa wageni wa leo, naitwa Mutinda. Kocha Njeri ameniambia niwape ushuhuda kabla tupande hii milima ya Spring Valley, kwa vile ameona wengine wenu mmekuja na viatu zimechoka na vichwa ngumu. Mimi shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo za vitabu ulizeni wengine. Mimi nitawaambia ya mguu yangu.

Zamani mbio yangu ilikuwa ya kubeba. Nafanya kwa duka ya vifaa vya ujenzi River Road. Fundi akiitisha mabomba ama mfuko wa misumari na barabara imejaa watu na mikokoteni, gari haipiti, basi mimi ndio gari. Naweka kwa bega, napenya. Huko ndio nilijua niko na pumzi. Nikaanza kukimbia asubuhi kutoka Kawangware mpaka kazini, na Jumapili nakuja kukimbia na hili kundi. Nikatangazia mtaa mzima ati mwaka huu nakimbia marathoni, ile nzima, si ya watoto. Nikawa naongeza kilomita vile mtu anaongeza sukari kwa chai akiwa amealikwa.

Kocha akaniambia, "Mutinda, ongeza kidogo kidogo. Mfupa si betri ya simu."

Nikamjibu, "Kocha, mimi niko na chaja."

Watu wakacheka. Hiyo ndio shida ya kuwa mcheshi. Watu wakicheka unafikiria umeshinda.

Sasa raba. Nilikuwa na raba ya mitumba, safi, ya rangi ya machungwa. Mimi hukanyaga sana na mguu ya kulia, kwa hivyo ile ya kulia ikaisha soli, ya kushoto bado iko hai. Nikapeleka kwa fundi wa viatu karibu na kazi. Akazigeuza, akaniuliza, "Niweke soli zote mbili?"

Nikamwambia, "Weka moja. Ile nyingine haijalalamika."

Akaweka. Soli ya tairi, nene, imeshonwa na uzi ngumu, hiyo hata lori ingevaa. Nilitoka hapo nikijiona mtu mjanja sana Nairobi. Kumbe nimejitengenezea mguu moja ya urefu wa kawaida na mguu moja ya kupanda ngazi.

Mtu wa kwanza kuona alikuwa Mwende. Mwende ni dada yangu mkubwa, ndiye amenilea, na tunaishi na yeye kwa nyumba ya chumba moja, orofa ya nne, haina lifti. Anashona pazia kwa duka moja Adams Arcade. Akaniangalia nikitoka asubuhi, akasema, "Kwani wewe siku hizi unatembea kama meza ya kibanda? Nikuwekee karatasi chini?"

"Huu ni mwendo wa wakimbiaji," nikamwambia. "Wewe huwezi jua."

Maumivu ilianzia kwa kinena, upande wa kulia. Ndani kabisa, mahali huwezi kuguza na kidole. Nikikimbia inakuja, nikipumzika inaenda. Nikasema ni msuli. Baadaye ikawa inakuja nikipanda ngazi. Halafu nikiwa nimekaa tu. Nikanunua dawa ya kuchua, ile ya kuchoma, nikachua kinena kwa bidii. Nyinyi wanaume mmeanza kukunja uso, mnajua inaenda wapi. Hiyo dawa ikateleza ikaingia mahali haikualikwa. Nilicheza kwa hiyo nyumba kama mtu ameona malaika. Na mfupa ndani bado inauma vile vile.

Nikahamia tembe za maumivu. Nikimeza moja, nakimbia vizuri, na hapo ndio nilijimaliza. Ile tembe haikuponya kitu, ilinyamazisha tu mguu ndio niendelee kuipiga.

Jumapili moja tulikuwa tunashuka hii barabara ya hapa. Nikakanyaga na kulia, na mguu ikakataa. Haikuanguka, haikulia. Ilikataa tu, kama punda. Nikashika geti ya wenyewe. Soja wa kulinda hiyo geti akachungulia.

"Unataka nani?"

"Nataka kukaa chini."

"Hapa si pa kukaa."

"Basi niitie mwenye mguu hii, mimi nimeshindwa nayo."

Soja hakucheka. Kocha Njeri akarudi mbio, akaniambia nisimame na mguu ya kulia peke yake, niruke kidogo. Nikajaribu. Wacha niwaambie ukweli, nilipiga nduru mpaka mbwa za hiyo nyumba zikanyamaza. Kocha akasema, "Leo utani umeisha. Twende hospitali."

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Nikaanza kucheka na kutafuta suruali yangu. Daktari wa mifupa, mama kijana wa sauti ya chini, akaniambia, "Rudi. Mfupa ukianza kupasuka, hii picha inaweza kukosa kuona. Utaingia kwa ile mashine kubwa."

Hiyo mashine ni kama bomba ya maji taka, na wewe ndio uchafu. Unasukumwa ndani umelala, dari iko hapa kwa pua, inapiga kelele kama mtu anatoboa ukuta, na umeambiwa usisonge. Mimi! Nisisonge! Nilitaka kujikuna sikio mpaka machozi ikatoka. Sikujua hiyo ilikuwa mazoezi ya kile kilikuwa kinanikujia.

Kocha alikuwa amebeba raba zangu mkononi. Daktari akaomba kuziona. Akaziweka kwa meza, akainama mpaka jicho ikawa sawa na meza, kama seremala anapima mbao. Akauliza, "Hii ni nini?"

Nikaangalia dari.

"Nimekuuliza, hii ni nini?"

"Ni soli, daktari."

"Na ya huku?"

"Hiyo haikuwa imeisha."

Kocha Njeri alitoka nje. Nilimsikia akicheka huko kwa korido mpaka akakohoa. Lakini daktari hakucheka. Akanichorea mfupa wa paja kwa karatasi, akaonyesha shingo yake, pale juu inaingia kwa nyonga. Hapo kulikuwa na ufa, kama ule wa kikombe bado inashika chai.

Akasema, "Kiatu kimechangia, lakini si peke yake. Umekimbia sana, haraka sana, juu ya maumivu. Sasa sikiliza. Usikanyage na huu mguu. Hata kidogo. Ukikanyaga, shingo inaweza kukatika, damu ikose kufika kwa kile kichwa cha mfupa, na kitakufa. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Basi utachechemea miaka mingi sana."

Nilitafuta kitu ya kuchekesha nikakosa. Nikapewa magongo na tarehe ya kurudi, wiki nyingi mbele.

Ndio nikaingia jela. Siwezi kuiita kitu ingine. Dirisha yetu inaangalia ukuta ya ploti ya pili, karibu mpaka unaweza kuomba jirani chumvi bila kupaza sauti. Mbingu unaona kamstari tu, na huko kuna nguo za watu. Mwende anaenda kazi, mlango inafungwa, nabaki na ule ukuta. Nilijua kila alama yake. Kulikuwa na doa moja kama uso wa mtu, nikawa namsalimia. Asubuhi nasikia watu wakishuka ngazi mbio, ta-ta-ta-ta, na mguu yangu ya kushoto inatikisika yenyewe chini ya blanketi. Paja ya kulia ikakonda ikawa kama ya kuku wa kienyeji. Nilikuwa naishika naona aibu, kama nimeshika ya mtu mwingine.

Nikasema siwezi. Nikachukua magongo nikashuka polepole mpaka kwa duka ya chini kupiga stori. Nikirudi, gongo ikateleza kwa ngazi, jirani akanidaka kwa kola nikiwa karibu kuanguka. Mwende akasikia. Hakunigombeza. Asubuhi iliyofuata akavaa koti, akachukua mkoba, akachukua na magongo.

"Unapeleka wapi?"

"Kazi. Yanaenda na mimi."

"Mwende, na nikitaka choo?"

"Ndoo iko hapo. Zoeaneni."

"Umenifungia kama kuku!"

"Kuku hungoja. Wewe hungoji." Akafunga mlango bila kufuli.

Basi nikazoeana na ndoo. Sitawaficha, harufu ya ndoo yako mwenyewe inakupunguza. Dada yako anarudi jioni amechoka, anaibeba anashuka nayo, na wewe unaangalia ukuta usimwone. Siku moja mchana nililia kama mtoto. Nilikuwa mtu wa kukimbia kutoka Kawangware mpaka mjini, na sasa naruhusiwa kitanda, ndoo na ukuta. Nikaanza kusikia sauti kwa kichwa: kanyaga tu mara moja, uone kama ni ukweli.

Siku ya moshi ilikuwa saa za lanchi. Nilianza kunusa, nikafikiria ni jalala. Ikazidi. Nikaona inaingia chini ya mlango, nyeupe, nzito. Nikaita, "Nani ako nje?" Hakuna. Saa hiyo ploti yote wako kazi. Nikaita tena mpaka sauti ikakatika. Magongo yako Adams Arcade, na simu yangu imeisha chaji.

Nikashuka kitandani na matako. Nikajiburuta mpaka mlangoni, nikafungua, korido imejaa moshi. Nikafika kwa ngazi ya juu, nikakaa hapo nikikohoa. Ndio sasa ile sauti ikaja na nguvu zote: simama ukimbie! Si wewe ndio mkimbiaji? Ngazi hizi huwa unazimaliza ukipiga mluzi!

Nilishika reli. Niliinuka nusu, naapa. Halafu nikamwona daktari ameinama kwa ile meza yake. Kitakufa. Nikakaa tena.

Nilishuka orofa nne na matako. Mikono nyuma, mguu ya kushoto inasukuma, ya kulia nimeinyoosha hewani kama bendera. Suruali ikararuka. Ngozi ya makalio ikabaki kwa simiti. Kwa ile kona ya mwisho mkono ikateleza, kisigino ya kulia ikagonga chini, na maumivu ikapanda mpaka kwa jino. Nikajua basi. Nimevunja.

Chini nikakutana na jirani wetu wa orofa ya tatu, Mama Kevo, anatoka sokoni na nyanya.

"Wee Mutinda! Nani amekutupa?"

"Nyumba inaungua!"

Akaangalia juu, akanusa. "Haki ya Mungu! Maharagwe yangu!"

Akaniruka, akapanda mbio, nyanya zikimwagika. Ilikuwa maharagwe tu. Sufuria moja.

Sikuweza kurudi juu, na nilikataa kubebwa, kwa vile niliogopa mtu aguze huo mguu. Nilikaa hapo kwa ngazi ya chini nikingoja magongo yangu yarudi kutoka kazi. Watu wakirudi jioni wananipita, wananiuliza kama nimekuwa keateka wa kuchunga ploti. Mwende akaingia, akaniona hapo nje ya nyumba, suruali imepasuka, damu. Magongo yakamwanguka.

"Ulikanyaga?"

"Sikukanyaga."

"Mutinda."

"Niligonga kisigino. Sijui. Mwende, sijui."

Alikaa kando yangu kwa ngazi. Akaokota magongo, akayaweka kando yetu. Siku zilizofuata kabla ya picha sikutania hata mara moja. Mama Kevo aliniletea maharagwe, mengine sasa, akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia tu asante. Akaenda kumwambia Mwende ati nimezidiwa.

Niliingia tena kwa ile bomba. Safari hii sikusonga hata kope. Daktari akaangalia picha muda mrefu, na mimi naangalia uso wake. Akasema, "Umeanza kushikana. Ulikuwa unafanya nini kwa nyumba?"

"Kutelezea matako, daktari."

Ndio akacheka, mara ya kwanza.

Sitadanganya ati nilitoka hapo nikikimbia. Nilianza kukanyaga na kidole, kama mtu anapima maji. Halafu na gongo moja. Halafu kutembea mpaka kwa duka na kurudi nimelowa jasho. Mazoezi ya paja, ya matako, yale ya kulala chini na kuinua mguu, nilikuwa nayadharau ati ni ya akina mama. Sasa siyakosi.

Namshukuru Mungu, mfupa ulishika. Namshukuru daktari, namshukuru Kocha, hata kwa kucheka.

Na nyinyi nisikilizeni. Kiatu ikiisha, imeisha na ndugu yake, badilisheni zote mbili. Mkiongeza kilomita, ongezeni polepole, na wiki zingine mpunguze. Uchungu wa msuli hupungua ukipumzika, lakini uchungu wa ndani wa kinena ama wa mfupa, unaorudi kila ukikimbia, huo acha kukimbia kabisa uende uonekane, na eksirei ikisema hakuna kitu na bado inauma, sema bado inauma. Tembe usimeze ndio ukimbie. Na ukiambiwa usikanyage, usikanyage, hata kama unaona unaoza. Huozi. Huko ndani mfupa iko kazi, na wewe ndio unaiharakisha ama unaivunja.

Juzi nilirudi kwa hili kundi, kilomita mbili tu, nikitembea na kukimbia. Mwende alikuwa anaenda kazi, tukashuka ngazi pamoja. Nikamwambia, "Leo uko huru, sitakusumbua."

Akasimama pale getini, akaniambia, "Hizo wiki zote, simu ikilia kazini nilikuwa naacha cherehani nikijua umeanguka. Leo ikilia, nitamaliza mshono kwanza."